Kwa baiskeli hadi milima ya Fizi: wamama tupange njia wenyewe

Mtu akisema anataka kutoka Baraka kwenda Fizi kwa baiskeli, swali la kwanza analoulizwa ni la kilomita. Akijibu kwamba ni kama 35, wengi husema, "Aa, si mbali." Kwenye ramani si mbali kweli. Lakini miguu haisomi ramani. Njia ya milima hupimwa kwa mpando, kwa jua, kwa hali ya barabara siku ile, na kwa nguvu za yule aliye dhaifu kuliko wote katika kundi.

Wamama wa vikundi wamekuwa wakiulizana kama inawezekana kupanda pamoja siku moja kwa matembezi tu: hakuna mzigo wa kuuza, hakuna matanga ya kuhudhuria, ni kwenda kuona nchi yetu na kurudi. Inawezekana. Ila safari ya namna hiyo haipangwi asubuhi ya kuondoka, na haipangwi na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Baraka imekaa kando ya ziwa Tanganyika, na uso wa ziwa letu uko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Fizi iko juu milimani, zaidi ya mita 1,000. Kwa hiyo anayetoka ziwani kwenda Fizi, afanye afanyavyo, lazima apande mamia ya mita. Ukizigawa kwa kilomita 35 utaona ni mpando mdogo, kitu cha kuchekwa. Hapo ndipo wastani unapodanganya. Barabara haipandi kidogo kidogo kama ngazi iliyopimwa na fundi. Inakwenda sawa, inateremka kwenye kijito, kisha inasimama mbele yako kama ukuta. Ukishamaliza ukuta huo inateremka tena na kukunyang'anya mita zote ulizozilipa kwa jasho. Anayehesabu tofauti ya chini na juu peke yake atashangaa kwa nini mapaja yanamwuma kuliko hesabu yake.

Ni hivi: mahali ambapo barabara inapanda mita 5 katika kila mita 100, mwenye baiskeli ya kawaida isiyo na gia atasimama juu ya pedali na kukaza. Ikifika mita 8 au 10 katika mita 100, atashuka na kusukuma, na hata kijana wa kubeba mizigo atashuka. Kusukuma si aibu. Baiskeli nyingi za kwetu ni zile nzito za chuma zenye mwendo mmoja tu, zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi tambarare. Kundi likubaliane tangu nyumbani: kwenye mpando mkali wote tunashuka, hata yule anayeweza. Vinginevyo mwenye nguvu atakuwa kilele cha pili wakati mwingine bado yuko bondeni peke yake, na mwanamke peke yake bondeni ndicho kitu tusichokitaka.

Je, kuna faida gani kujisumbua hivi? Wengine watauliza, na ni swali la haki. Katika nyumba nyingi za huku baiskeli ikiwepo ni ya baba, au ya kijana anayeipeleka sokoni. Mama anapanda mlima huohuo kwa miguu, na muhogo au bidoni ya mawese mgongoni, kamba ikikata paji la uso. Anajua kila jiwe la njia ile, lakini anaijua akiwa ameinama. Siku anayoipanda bila mzigo, akisimama kwenye kona na kugeuka, ndipo anaona ghuba ya Baraka yote chini yake, mitumbwi ya wavuvi, na ng'ambo rasi ya Ubwari imejinyoosha ndani ya maji. Richard Burton, yule Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1858 na mwenzake Speke, aliidhani Ubwari ni kisiwa. Kutoka chini, ndani ya mtumbwi, ni rahisi kukosea. Aliyepanda juu anaona vizuri zaidi jinsi nchi ilivyoshikana.

Tena milima hii imesimuliwa mno na wanaume wenye bunduki. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba, akaishi na wapiganaji milimani miezi kadhaa kisha akaondoka, vitabu vimeandikwa. Tangu hapo kila kizazi kimeongeza vita vyake. Mtu wa mbali akisikia jina la Fizi anafikiri bunduki kwanza. Wanaolima miteremko ile, wanaojua chemchemi iko wapi na kivuli kiko wapi saa sita, ni sisi, na mara chache tunaulizwa njia.

Sasa njia gani? Kwa kikundi kinachoanza, tusiende Fizi moja kwa moja. Kwanza ichukueni barabara ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini, ile ya Uvira, kupitia Lweba. Huko milima inabaki upande mmoja na ziwa upande wa pili, na barabara kwa sehemu kubwa ni ya sawa kuliko ile ya Fizi. Lusenda, ambako kambi ya wakimbizi wa Burundi iko tangu 2015, ni kilomita 30 hivi kutoka Baraka. Si lazima kufika. Nendeni kilomita 10, mrudi 10, Jumamosi mbili au tatu zinazofuatana. Zoezi hilo litawaonyesha mambo ambayo hakuna anayeyasema mkutanoni: nani breki zake hazishiki, nani anaogopa lori likipita, nani aliyekopa baiskeli ya shemeji ambayo kiti chake kimelegea. Afadhali yajulikane kwenye tambarare, karibu na nyumba.

Mara ya nne ndipo muelekee Fizi, na hapo pia msiende hadi mwisho. Chagueni mahali pa kugeukia, kilomita 12 au 15 kutoka Baraka, penye kijiji mnachokijua na watu wanaowajua. Hiyo ni safari ya kilomita 24 mpaka 30 kwenda na kurudi, na kwa barabara yetu ya mawe na mchanga hiyo ndiyo safari ya kadiri. Fizi kamili ifanyeni baadaye, mkiwa na ndugu au marafiki wa kuwalaza huko, mrudi kesho yake. Atakayewaambia kwamba yeye huenda na kurudi siku moja na kilo 50 nyuma, msimbishie. Huenda ni kweli. Lakini yeye anafanya kila juma, na hakuna mtoto anayemsubiri kunyonya.

Tufanye hesabu kwa mfano, maana hesabu ndiyo inayoamua saa ya kuondoka. Tuseme mahali pa kugeukia ni kilomita 15. Tuseme nane za kwanza ni za sawa, saba zinazofuata ni za kupanda na kusukuma. Kwenye barabara ya udongo, kundi linaloongea na kungojeana linakwenda kilomita 10 kwa saa: zile nane zitachukua dakika 50 hivi. Kusukuma baiskeli mlimani ni kilomita 4 kwa saa: zile saba zitachukua saa moja na dakika 45. Ongezeni nusu saa ya kupumzika, kunywa maji na kufunga kamba iliyofunguka. Jumla ni saa tatu na dakika chache. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mtafika saa tatu na dakika chache, jua bado halijawa kali. Kurudi ni mteremko zaidi, lakini hesabuni saa mbili, msihesabu moja. Saa saba mko nyumbani, na chakula cha mchana kikichelewa kidogo hakuna atakayekufa.

Hizi namba nane na saba ni za mfano. Ili mpate zenu, mtafuteni mwendesha moto mnayemwamini, mmoja wenu apande naye mbele, na kwenye kila mpando aandike kwenye daftari: hapa tulianza kupanda, hapa tukamaliza, hapa kuna maji, hapa kuna kanisa lenye baraza, hapa daraja ni la miti. Ile kaunta ya moto ikifanya kazi itawapa kilomita. Isipofanya kazi, hesabuni kwa dakika. Daftari hilo la faranga chache lina thamani kuliko ramani yoyote mtakayouziwa, na litunzwe na kikundi, lisikae na mtu mmoja.

Wekeni pia saa ya kugeuka, na iheshimiwe kuliko mahali pa kugeukia. Mkikubaliana saa nne, basi saa nne mnageuka hata kama kijiji kinaonekana pale mbele na mtu anasema "imebaki kidogo tu." Huko kwetu "imebaki kidogo" inaweza kuwa vilima vitatu.

Lakini kabla ya mpando na kabla ya saa kuna jambo la usalama, na hatutalizunguka. Barabara ya Fizi si barabara ya kupangwa mwezi mmoja mbele kama harusi. Kuna majuma ambayo inapitika na majuma ambayo haipitiki, na wote tunajua kwa nini. Tarehe 1 Januari 2011 askari walibaka wanawake wengi mjini Fizi. Mwezi wa Februari mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa hapa Baraka, na makumi ya wanawake walisimama wakaeleza yaliyowapata. Kamanda wa askari wale alihukumiwa miaka 20 jela kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Tunalikumbusha hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, anayesema kwamba hofu ya wamama juu ya njia ile ni hofu ya bure hajui historia ya mji wake. Ya pili, wale waliosimama mbele ya majaji walikuwa wanawake wa njia hiihii, na hawakukubali kunyamazishwa.

Kwa hiyo ulizeni, na mjue wa kumwuliza. Chefu wa kijiji mnachokwenda aambiwe siku mbili kabla: ni akina nani, wangapi, wanarudi saa ngapi. Redio isikilizwe jioni ya kuamkia safari. Waendesha moto waliopanda jana waulizwe, maana wao wanajua barieri iko wapi na nani amesimama hapo. Juu ya wote, angalieni wamama wa soko. Asubuhi ambayo mambo ni mazuri wanashuka mapema, vikapu vya sombe na ndizi kichwani, wanacheka. Mkifika nje ya mji na hamjakutana na hata mmoja anayeshuka, simameni. Msingoje kuambiwa sababu. Geuzeni baiskeli, nendeni mkazungukie ziwani siku hiyo. Njia haitahama.

Kwenye milima simu hukata. Aliyebaki Baraka apewe karatasi yenye majina ya waliokwenda, mahali pa kugeukia na saa ya kurudi, na ajue afanye nini saa hiyo ikipita: ampigie nani kwanza, amtume nani. Kila mmoja awe na kitambulisho chake cha mpiga kura. Pesa kidogo igawanywe kwa watu wawili au watatu, isikae kwa mweka hazina peke yake.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei ni mvua, na katika milima yetu mvua haiharibu safari kwa kulowesha nguo tu. Udongo mwekundu unakuwa sabuni. Mito kama Mutambala inajaa na kuleta miti na mawe. Kijito ambacho asubuhi mlikivuka kwa kuinua kikwembe, mchana hakivukiki. Na ziwa lenyewe: mwaka 2024 lilipanda hadi likaingia nyumbani mwa watu huko Uvira na hapa kwetu, na barabara za pwani zikaumia. Kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara inakauka, lakini vumbi la malori linakuwa jingi na moshi wa kuchoma majani unafunika bonde, hata Ubwari huioni. Tungeulizwa sisi, tungechagua majuma ya mwanzo ya Juni. Udongo umeshakauka na nyasi bado ni mbichi. Siku hizo asubuhi huwa safi, na mbele ya macho kuna michikichi bondeni, mashamba ya muhogo yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo mgeni angedhani mbuzi peke yao ndio wanaoweza kusimama, na moshi wa majiko ukitoka vijijini.

Tuje kwenye baiskeli. Watu hujiandaa kwa kupanda, na kumbe hatari iko kwenye kushuka. Anayepanda akichoka anasimama. Anayeshuka akichoka mikono, baiskeli haisimami. Waliowahi kufika Burundi wamewaona vijana wanaoteremka na ndizi na makaa kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, na wakati wa kupanda wanajishikiza nyuma ya malori. Wana ustadi mkubwa, na wengine wao hawakufika. Sisi hatuna haraka ile. Kabla ya kuondoka, kila baiskeli ipelekwe kwa fundi, na breki zote mbili zikazwe, ya mbele na ya nyuma, si moja. Raba za breki zilizolika zibadilishwe. Bei yake haifikii ya kikwembe. Jaribio ni rahisi: simama kando ya baiskeli, bana breki zote mbili, isukume kwa nguvu mbele. Gurudumu likizunguka, hiyo baiskeli haipandi mlima.

Wakati wa kushuka, breki zibanwe na kuachwa, kubanwa na kuachwa, zisishikwe moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni, maana chuma kinapata moto na raba inaacha kushika. Anzeni kubana kabla ya kona, si ndani ya kona. Kaeni nyuma kidogo juu ya kiti. Acheni nafasi kubwa kati ya mtu na mtu, mita 20 si nyingi. Na kwa kuwa Kongo tunapita upande wa kulia, kaeni kulia, mmoja nyuma ya mwingine, hata kama hadithi ilikuwa tamu. Lori likisikika linakuja kwenye barabara nyembamba, shukeni mtoke nje kabisa. Dereva anaona vumbi. Ninyi hamuoni lolote.

Kiti kiwe cha kimo chako, si cha baba. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukiwa umekunjika sana magoti yatalia kabla ya kilomita ya tano. Nguo nayo si jambo la kudharau. Kikwembe kirefu kikiingia kwenye mnyororo kinakuangusha katikati ya barabara, kwa hiyo vaa suruali au kaptula ndefu ndani, kisha kikwembe kifupi kilichofungwa vizuri juu. Baiskeli za kike zisizo na chuma cha katikati zinasaidia kupanda na kushuka kwa heshima yako, na mkiwa na moja apewe anayejifunza. Atakayesema mwanamke akivaa suruali amekosa adabu, mwulizeni kama atakuja kumfunga bendeji aliyeanguka.

Kundi libebe kwa pamoja pampu moja, viraka na gundi, funguo mbili za kufungulia magurudumu, na kipande cha waya au mpira wa kufungia. Angalau wawili wajue kuziba tundu. Hili mtajifunza mchana mmoja kwa fundi wa mtaa, na mkimlipa soda atafurahi.

Maji ndiyo jambo ambalo wengi hupima vibaya. Kila mtu anahitaji nusu lita kwa saa, na jua likipanda zaidi ya hapo. Kwa safari yetu ya saa tano na zaidi ni lita tatu kwa mtu, yaliyochemshwa au kutiwa dawa nyumbani. Msinywe kijitoni hata maji yakionekana kama kioo. Kipindupindu katika Baraka na Fizi si ugonjwa wa kusimuliwa. Katika chupa moja tieni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja ya maji, vijiko vya kusawazisha, na mkorogee ndimu kidogo kwa ladha. Ni kinywaji kilekile tunachompa mtoto anayeharisha, na mtu aliyetoka jasho jingi kinamfaa vilevile. Kuleni kabla ya njaa: ndizi mbivu, karanga, mandazi. Ugali na ndagala vingojeni nyumbani. Tumbo lililojaa halipandi mlima.

Mjamzito aende kwanza kumwona muuguzi kwenye kituo cha afya, na hata akiruhusiwa asije kwenye miteremko. Anayenyonyesha aje akiwa amepanga nani anabaki na mtoto, na pengine safari yake iishie kilomita 6 au 7, ageuke na mwenzake mmoja. Mtoto mgongoni kwenye baiskeli mlimani, hapana. Tunajua tunawabeba hivyo kila siku kwenda shambani, lakini mama akianguka akiwa kwa miguu anajua jinsi ya kuanguka ili amkinge mtoto. Kwenye baiskeli hana nafasi hiyo. Aliye katika siku zake na asiyejisikia vizuri aseme bila kutoa maelezo, na asicheleweshwe kwa maswali.

Limebaki la nyumbani, ambalo kwa wengi ni mlima mkubwa kuliko ule wa Fizi. Baba atauliza: mnakwenda kufanya nini? Mama mkwe hataongea, ataangalia tu. Shauri letu ni kutodanganya. Msiseme mnakwenda kununua muhogo kama hamwendi kununua muhogo. Semeni mnakwenda kutembea, mmepanga, mtarudi saa saba, na hii hapa karatasi. Wanaume huenda kutazama mpira hadi usiku bila karatasi yoyote. Katika kikundi ambacho wamama watano kati ya kumi hawana baiskeli, likelemba inaweza kufanya kazi: badala ya kugawa pesa yote, mchango wa mwezi mmoja katika kila miezi minne ununue baiskeli moja ya kikundi, izunguke kwa zamu. Siku zisizo za matembezi itabeba mawese sokoni, itampeleka mgonjwa, na msichana anayesoma mbali ataipanda.

Mwenye kasi ndogo kuliko wote awe mbele, wala asiwe nyuma. Yeye ndiye anayetoa mwendo. Mwenye nguvu na mwenye kujua kuziba matundu akae wa mwisho, na hakuna anayempita wa mwisho kurudi nyuma. Kwenye kila kilele subirini hadi wote wafike, na aliyefika mwisho apate kupumzika dakika zilezile walizopumzika wa kwanza. Kosa la kawaida ni kundi kuondoka mara tu anapofika, naye akaendelea bila pumzi.

Mkirudi, kabla ya kuoga, kaeni dakika kumi na lile daftari. Andikeni tuliondoka saa ngapi, tulifika saa ngapi, mpando gani ulitushinda, maji yalitosha au hayakutosha, daraja la pili linahitaji kushuka. Vikundi vyenye daftari lililojaa vinaweza kulipitisha ofisini kwetu ili wengine wanakili kabla ya Juni. Baiskeli zifutwe vumbi na mnyororo utiwe mafuta jioni ileile, kwani baba ataihitaji Jumatatu.